Ukiona mgahawa una menyu ya kurasa nne, kimbia. Leteni visa vyenu vya kula nje, vizuri na vibaya

#1 Kijiko_cha_Mti (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita bosi katutoa mchana kwenye mgahawa mpya hapa Dar. Vioo chini hadi juu, kiyoyozi kinapuliza shingoni, menyu kurasa nne. Mimi mtu wa kawaida nikaagiza wali maharage na samaki. Tulisubiri mpaka maji ya kunywa yakaisha mezani. Wali ukaja umegeuzwa kwa kikombe katikati ya sahani kubwa, maharage kwenye kibakuli cha kuwekea chumvi, na jani la kijani ambalo hakuna aliyeniambia kama linaliwa. Maharage yana rangi lakini hayana habari. Punje hii imepasuka, ile ukiing'ata inagoma. Elfu kumi na nane.

Kesho yake nikarudi kwa mama ntilie wangu kwenye magereji ya Ilala. Sahani ya plastiki, wali, maharage, mchicha, dagaa wa kukaanga juu, kipande cha tikiti pembeni. Elfu mbili na mia tano, na bado ananiuliza, "Kaka, nikuongeze mchuzi?"

Hoja yangu: sehemu ikiuza vyakula zaidi ya vitano, kimbia. Anayepika wali maharage kila siku ya Mungu lazima amshinde anayehangaika na piza, biriani na tambi kwenye jiko moja. Mnasemaje? Na visa vyenu leteni, vitamu na vichungu. Ukiwa na lawama usitaje jina la biashara, uzi utafungwa. Nawasilisha.

#2 PilipiliKichaa
Siti ya mbele. Nina kahawa na kashata, endeleeni.

#3 mpishi_wa_zamu
Mimi nimepika hoteli za Dar na Arusha. Mleta uzi umelenga karibu ila hujapiga. Tatizo si wingi wa vyakula, ni mzunguko. Mama ntilie anabandika maharage sufuria zima, saa nane mchana anakwangua. Hotelini yanaagizwa na wateja wawili kwa siku. Kwa hiyo tunachemsha mengi mara moja, tunagawa kwenye vikontena, tunagandisha. Ukiagiza yanatolewa, yanapashwa, yanaungwa juu juu kwa kitunguu na nyanya, yanaletwa. Chumvi haiwezi kuingia ndani ya punje kwa dakika tano. Ulichokula kilikuwa maharage ya Jumatatu yaliyovaa shati la Alhamisi.

Na ukiona maharage yamepondeka nje halafu yana ladha ya sabuni kwa mbali, hayo yamewekwa magadi ili yawahi kuiva.

#4 Mama Chanja
Mnaongea kama mmewahi kuamka saa tisa usiku. Mimi ni mama lishe sokoni. Maharage naloweka jioni, nabandika kwenye mkaa kabla sijalala, makaa yanafifia yenyewe na maharage yanaendelea kujipika taratibu. Alfajiri naunga. Nazi nakuna mwenyewe, tui jepesi linaanza, tui zito linaingia mwisho nikiwa nimesimama hapo hapo na mwiko, maana likichemka ovyo linakatika. Hakuna siri nyingine.

Halafu mkumbuke, mimi nikiharibu leo, makuli kesho wanahamia meza ya jirani, hatua sita kutoka kwangu, na wananipungia mkono wakila. Huyo mpishi wa hoteli mshahara wake unaingia maharage yaive yasiive.

#5 mpishi_wa_zamu
@Mama Chanja dada yangu, mshahara wenyewe ungejua unavyoingia usingesema hivyo.

#6 Otis_wa_Kayole
Niaje wadau. Nairobi ni vile vile. Nikifanya kazi Industrial Area nilikuwa nakula chapo madondo, yaani chapati na maharage, kwa kibanda cha mabati. Unakaa kwa benchi, bega kwa bega na fundi wa kuchomelea, na supu ya madondo unaongezewa bila kulipa. Hoteli kubwa ukiomba sosi wanaiandika kwa bili.

Lakini nampinga mleta uzi kwa jambo moja. Kuna sehemu zimekuwa na kuta na viti na bado chakula ni moto. Mark Zuckerberg alipokuja Nairobi Septemba 2016 alipelekwa Mama Oliech akala ugali na samaki mzima. Pale ni mgahawa kamili, sio kibanda. Kwa hivyo msilaumu vioo.

#7 KakaSambusa
Zuckerberg alikula siku moja akapanda ndege. Angekula mwezi mzima ndiyo tungemwita shahidi.

#8 Otis_wa_Kayole
@KakaSambusa wewe ukipelekwa huko kwao utakula siku ngapi?

#9 Dereva_Mstaafu
Vijana, mnabishana vioo na vibanda, hoteli za njiani hamjazigusa. Mimi nimeendesha mabasi ya mikoani mpaka macho yalipogoma. Sikilizeni.

Basi linasimama, konda anapaza sauti, "Dakika ishirini!" Abiria sitini wanashuka. Nusu wanakimbilia chooni, nusu foleni ya chakula, halafu wanabadilishana wakigombana. Chipsi zimekaangwa tangu basi la kwanza lilipopita, zimelegea. Kuku ukimbonyeza anarudi kama tairi. Bei mara mbili ya mjini. Ukianza kutafuna honi inalia.

Sasa ukiingia ndani, nyuma ya kaunta, kuna chumba kidogo chenye meza ya madereva na makonda. Pale supu ni ya moto, nyama imechaguliwa, matunda yamemenywa, na hulipi. Ndiyo maana basi linasimama hapo na si kule mbele kwenye chakula kizuri. Mteja wa hoteli ile ni dereva. Nyie abiria ni mzigo uliofuatana naye. Mpishi akimuudhi dereva kesho anakosa watu sitini, akikuudhi wewe anakosa nini? Hurudi pale mpaka Krismasi.

Kwa hiyo nakubaliana na huyu mama wa sokoni. Chakula kinapikwa vizuri kwa yule mwenye uwezo wa kuondoka.

#10 PilipiliKichaa
Duh. Kumbe mimi ni mzigo na tiketi nimekata mwenyewe.

#11 mhasibu_mlafi
@Dereva_Mstaafu shikamoo mzee. Hapo kwenye bei nakupinga. Sahani mbili za dereva na konda ukizigawa kwa watu sitini hazipandishi bei mara mbili, piga hesabu. Kinachopandisha ni eneo la kuegesha mabasi makubwa, jenereta, maji ya boza, na wafanyakazi wanaokaa wamekunja mikono saa tatu halafu mabasi manne yanaingia kwa mpigo. Ongeza VAT asilimia 18 kwa aliyesajiliwa. Mama Chanja hana hata mashine ya risiti.

#12 Mama Chanja
@mhasibu_mlafi mashine sina, ushuru wa soko nalipa. Na kile kitambulisho cha wajasiriamali cha elfu ishirini nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Usiniletee mambo ya kukaa na kikokotoo wakati mimi nimesimama juani.

#13 Dereva_Mstaafu
@mhasibu_mlafi marahaba. Hesabu zako nzuri. Lakini mimi nilikuwa nakula, wewe ulikuwa unagawanya.

#14 bint_Vikokotoni
Assalaam aleykum. Kwetu Unguja mambo haya mepesi mno kuyatazama. Nendeni Forodhani jioni. Tangu bustani ile ilipofunguliwa upya 2009 baada ya matengenezo, meza zimepangwa safi, taa nzuri, wapishi wana kofia nyeupe. Basi mgeni anaona mishkaki ya kamba, ngisi, pweza, papa, imepangika kama duka la shanga. Hajui ile ngisi imechomwa tangu jana, imekaa juani, imekaa kwenye taa, sasa inapashwa moto mara ya pili kwa ajili yake. Mie nikikaribia muuzaji ananitazama usoni tu, anasema chini kwa chini, "Hiyo usiichukue, ngoja ndugu yangu." Anainama chini ya meza anatoa nyengine.

Bei vile vile. Mgeni anatajiwa yake, mie natajiwa yangu.

Lakini nikitaka kula kwa raha siendi huko. Naenda kwa bibi mmoja wa urojo kichochoroni. Anaanza saa tisa alasiri, ikipigwa adhana ya magharibi kamaliza. Hakuulizi. Bakuli, viazi vya kuchemsha anavikata kiganjani, kachori moja anaivunja, bajia tatu, ule uji wake wa manjano wenye embe mbichi anaumimina ukiwa unafuka moshi, chatini ya nazi, pilipili kwa ncha ya kijiko, yai, mshkaki anauchomoa kwenye kijiti kwa vidole viwili, kisha muhogo uliokwaruzwa na kukaangwa anaunyunyiza juu. Ukichelewa kula muhogo ule unalainika, na yeye atakugombeza. "Kula, mwanangu, simu itakungoja."

#15 KakaSambusa
@bint_Vikokotoni umeniua na huo muhogo. Niko ofisini na mkate mkavu.

#16 Swali_Gumu
Nimesoma wote, hakuna aliyefanya jaribio. Chukueni maharage ya Mama Chanja, yapakueni kwenye kile kibakuli cha hoteli, mleteeni Kijiko_cha_Mti baada ya kumsubirisha, mwambieni elfu kumi na nane. Naapa atasema hayana chumvi. Halafu yale ya hoteli myatie kwenye sahani ya plastiki yenye alama ya kisu, elfu mbili na mia tano, fundi gereji anacheka pembeni. Atasema safi. Mnachokila ni bei na njaa. Ladha mnaiokota baadaye.

#17 Kijiko_cha_Mti
@Swali_Gumu punje inayogoma kwenye meno inagoma hata ukipewa bure, mkuu.

#18 Tumbo_la_Kazi
Acha nilete kichungu. Miaka hiyo nikiwa kijana wa mjini, nikitoka mpirani usiku, nilipitia kijiwe cha chipsi. Nikaagiza zege, yaani chipsi mayai, na mishikaki miwili. Mafuta kwenye karai yalikuwa meusi kiasi kwamba sikuona chipsi zikizama, nilisikia tu. Jamaa akamimina mayai, akageuza, akanifungia kwenye mfuko wa plastiki ikiwa ya moto, na ile tomato nyepesi kama juisi. Nikala nikitembea. Saa nane usiku nikaamka, tangu hapo mpaka alfajiri mimi na choo tulikuwa watu wa nyumba moja. Asubuhi nikaenda zahanati, wakapima, wakaniambia taifodi. Chipsi zile zilinipa taifodi, sijazigusa tena mpaka leo.

Bahati nzuri ile mifuko ilipigwa marufuku 2017.

#19 Ngamia_wa_Tanga
@Tumbo_la_Kazi 2017 ni Kenya, Agosti. Sisi Bara ni tarehe 1 Juni 2019.

#20 bint_Vikokotoni
Na Zanzibar tuliwatangulia nyote, 2006. Endeleeni.

#21 nesi_wa_usiku
@Tumbo_la_Kazi pole, lakini chipsi hizo unazisingizia. Taifodi haikai saa sita ikakuangusha. Tangu vidudu viingie mpaka homa ianze, kwa kawaida ni wiki moja hadi tatu. Kama kweli ulikuwa nayo, uliipata kwenye kitu ulichokwishakisahau. Na kile kipimo cha Widal ambacho zahanati nyingi hutumia kinasema "taifodi" kwa watu wengi wasio nayo.

Ukitapika au kuharisha ndani ya saa chache, mara nyingi ni sumu iliyokwishatengenezwa ndani ya chakula. Na hapo watu huogopa nyama wakati wali nao ni mshtakiwa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa na uvuguvugu kwenye sufuria saa nyingi, zinaamka, zinatoa sumu, na hata ukiupasha mpaka utoe moshi ile sumu haiondoki. Wali wa moto sana au wa baridi ya friji, sawa. Wa vuguvugu tangu asubuhi, achana nao, uwe wa kibandani au wa hoteli.

#22 Tumbo_la_Kazi
Ahsante nesi. Chipsi bado sizigusi.

#23 PilipiliKichaa
Tukiwa kwenye mafuta, ni kweli wanakaangia mafuta ya transfoma? Mtaani kwetu wanasema ndiyo maana chipsi zinang'aa.

#24 mpishi_wa_zamu
@PilipiliKichaa hilo nimelisikia tangu niko mdogo, kwa macho sijaliona. Nililoliona ni mafuta halali ya alizeti au mawese kukaangiwa wiki nzima, yakipungua anaongezea mapya juu ya ya zamani. Dalili zake ni hizi: yanatoa povu linalopanda badala ya mapovu makubwa yanayopasuka, moshi unakuwasha macho kabla karai halijachemka vizuri, na chipsi ikipoa inanata kwenye vidole. Ukiona hivyo agiza mahindi ya kuchoma.

#25 Kapita_Katuba
Jambo ba ndugu. Miye niko Lubumbashi. Huku mangaribi tunakulaka michopo. Mbuzi iko natundikwa pale, wewe unaonyesha kwa kidole: nikatie hapa, na hapa. Anakata mbele yako, anapima, anachoma mbele yako, anakatakata juu ya karatasi na kitunguu na pilipili, bukari (ni ugali) pembeni. Yote unaona na macho. Mu restaurant ya kizuri jiko iko nyuma ya mlango, unajua nini iko inafanyika kule? Kwangu sababu ni hiyo tu. Mpishi mwenye kuangaliwa hawezi kufanya mambo mubaya.

#26 KakaSambusa
@Kapita_Katuba yule wa Tumbo_la_Kazi naye alikuwa anaangaliwa.

#27 Kapita_Katuba
@KakaSambusa ule alikuwa anaangaliwa na mutu wa njaa, si sawa.

#28 Bi_Achari
Hamjambo. Niko Mombasa, Mji wa Kale. Naleta kisa kimoja cha kuunga mkono mleta uzi. Tulikuwa na wageni wa harusi, tukasema tusile viazi karai vya barabarani mbele ya watu wa bara, tuwapeleke mahali pa heshima. Tukakaa. Menyu ina picha, ina rangi, ina nyuzi za dhahabu. Kijana kaja na daftari.

"Biriani ya mbuzi."
"Imeisha."
"Haya, pilau."
"Imeisha."
"Samaki wa kupaka?"
"Huyo hupatikana Ijumaa."
"Leo ni Ijumaa, mwanangu."
Akaenda ndani akarudi. "Wanasema Ijumaa ingine."
"Basi mwatuuzia nini?"
"Chipsi kuku. Na chipsi tupu."

Mjomba wangu akafunga ile menyu taratibu akasema, "Tuletee chai." Maziwa hayakuwapo. Tukatoka wote, na zile nguo za harusi, tukaenda kusimama kwa mama wa viazi karai. Vile viazi anavipaka ule unga wa manjano, anakaanga, anavipasua, anatia ukwaju na pilipili ndani. Wageni wakala mpaka wakaomba vya kufungiwa. Yule bibi harusi alidondosha ukwaju kwenye lesso mpya na hakujali.

#29 mpishi_wa_zamu
@Bi_Achari siwatetei, ila menyu nyingi hazitungwi na mpishi. Mwenye mali anaona menyu ya mwenzake, anaipiga picha, anaipeleka kwa mchapaji. Mpishi anaiona siku ya ufunguzi kama nyie. Samaki wa kupaka anataka mkaa, nazi na mtu wa kumgeuza na kumpaka mara kwa mara. Jikoni ana jiko la gesi la mafiga manne na kikaangio kimoja cha chipsi. Matokeo yake ndiyo hayo.

#30 Kijiko_cha_Mti
@mpishi_wa_zamu kwa hiyo unakubali kwamba vyakula vingi ndiyo tatizo?

#31 mpishi_wa_zamu
Sikubali. Nimesema mwenye mali ndiye tatizo. Mpe mpishi mmoja menyu ya vyakula thelathini na wateja mia tatu kwa siku, utakula vizuri.

#32 mwanafunzi_wa_zamani
Mbona mnaongelea maharage tu kama watu wa jeshi. Kitamu changu hakihusu hata ladha.

Nikiwa chuo Mlimani, boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa tulikuwa tunakula kwa mama mmoja nje ya chuo. Alikuwa na daftari la kurasa kubwa, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Hakuandika majina, wengi hakuyajua. Aliandika "mrefu wa sheria", "mwenye miwani", "yule wa kucheka". Mimi nilikuwa "ndizi mbili", kwa sababu kila siku nilichagua ndizi mbili ndogo badala ya tikiti. Boom likiingia, tunapanga foleni, anasoma, tunalipa, anachora mstari. Sikuwahi kusikia ameongeza hata mia.

Mwaka wa mwisho nikaondoka na deni dogo, mambo ya kukimbizana na ripoti ya mafunzo. Nilikuja kurudi nikiwa na kazi. Meza ile ile. Ananiona tu, anasema "ndizi mbili, elfu nne na mia tano." Nikalipa kwa lipa namba, maana siku hizi naye ana ile karatasi iliyobandikwa ukutani. Nikampa na ya juu, akaikataa, akaniambia nile.

Wali ulikuwa na mawe mawili, niseme ukweli.

#33 PilipiliKichaa
"Yule wa kucheka" 😂😂 Mwanafunzi huyo alijijua?

#34 mwanafunzi_wa_zamani
@PilipiliKichaa alikuwa anaitika.

#35 mhasibu_mlafi
Hapo sasa ndipo penye jibu. Mkopo bila riba kwa mteja wa kila siku. Huo ndio mtaji wa kibanda, na mgahawa wa vioo hauwezi kuutoa. Ukishakopeshwa utasema maharage mabaya? Hata mawe unayahesabu kwa upole.

#36 Swali_Gumu
@mhasibu_mlafi leo umenena. Ila ni hoja yangu ya #16 umeivalisha tai.

#37 Dereva_Mstaafu
Nimerudi. Msiseme nazichukia hoteli za njiani, kuna moja ya kheri.

Basi lilinizimikia usiku, tumeipita Singida kidogo. Mvua za rasharasha, watoto wanalia, fundi yuko njiani anakuja na bodaboda. Kulikuwa na nyumba kando ya barabara, mbele ina banda la makuti na benchi mbili, mchana wanauza chai. Nikagonga. Akatoka mama na taa ya chemli. Sikumwomba chakula, nilimwomba watoto wakae ndani. Akatazama lile basi, akatazama watu, akamwita binti yake, "Amsha na mdogo wako, leteni lile sufuria la msiba."

Mnawajua kuku wa Singida. Walikamatwa gizani juu ya mti walikolala, abiria wanaume ndio waliowachinja na kuwanyonyoa chini ya taa za basi, konda akashika mwiko wa ugali maana mama peke yake asingeuweza. Mchuzi ulikuwa chumvi, kitunguu na nyanya mbili tatu, basi. Watu walikula kwa zamu, sahani sita zikizunguka, wanaosha kwa maji ya mvua wanampa mwingine. Tulipomaliza nikamuuliza bei. Akasema yeye hauzi kuku usiku. Konda akapitisha kofia, akamwekea mezani zilizopatikana, akazifunika na bakuli bila kuzihesabu.

Kila nilipopita pale baada ya hapo nilipiga honi.

#38 Swali_Gumu
Mzee, kwa heshima zote. Usiku wa manane, mvua, njaa ya tangu Dodoma. Hata chipsi za yule jamaa wa mafuta meusi mngezisifu.

#39 Dereva_Mstaafu
@Swali_Gumu wewe hujala kuku yule. Kaa na swali lako.

#40 Ngamia_wa_Tanga
Wenye kupita Uganda mtakumbuka Namawojjolo, barabara ya Kampala kwenda Jinja. Hapo hushuki kabisa. Gari likipunguza mwendo, vijana wa makoti ya rangi wanavamia madirishani na mapaja ya kuku kwenye vijiti, gonja (ndizi) za kuchoma, maji. Unapewa mguu wa kuku usoni kabla hujasema ndiyo. Mbinu yangu ni kushika kwanza kijiti kama ni cha moto. Kama kijiti ni cha baridi na kuku ana mafuta yanayong'aa, amezunguka madirisha mengi huyo.

#41 Otis_wa_Kayole
Hapo ninapajua. Nilinunua paja, gari likaondoka, chenji yangu ikabaki Namawojjolo.

#42 Ngamia_wa_Tanga
@Otis_wa_Kayole chenji unashika kwanza, kuku baadaye. Nani alikulea?

#43 KakaSambusa
Mimi kinachonikera si chakula. Ni televisheni. Unakaa kula, iko juu ya kichwa chako, sauti mpaka mwisho, tamthilia iliyotafsiriwa, mhudumu anaitazama huku anakupakulia, kijiko kinamwaga mchuzi mezani. Pia yule mtoto wa jagi la kunawisha, maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, halafu hakuna cha kujifutia, unakaa na mikono juu kama unasalimu amri.

#44 PilipiliKichaa
Na wa mbuzi katoliki, yaani nguruwe, mbona kimya? Najua mpo humu.

#45 mhasibu_mlafi
Tupo. Tunakula, mikono ina mafuta, hatuwezi kuandika.

#46 Mama Chanja
@KakaSambusa kitambaa nilikuwa naweka, wateja mnaondoka nacho. Mnasema mimi sina usafi, taulo langu liko kwenye gari la nani?

#47 safari_za_Jumanne
Wakuu samahani kuingilia. Niko Msamvu, Morogoro, basi la Iringa linaondoka baada ya nusu saa. Nile nini na wapi? Nina njaa kweli, msinipe nadharia.

#48 Swali_Gumu
Njaa unayo tayari, kula chochote.

#49 Dereva_Mstaafu
@safari_za_Jumanne usikae mezani, muda hautoshi. Tafuta mwenye mishikaki na ndizi za kuchoma, simama hapo akikuchomea mpya, usichukue iliyolala pembeni ya jiko. Maji nunua chupa yenye lakiri. Usiseme utakula mbele, ndani ya hifadhi ya Mikumi basi halisimami.

#50 nesi_wa_usiku
Na nawa mikono. Wali kama ni wa vuguvugu usiuguse.

#51 Kijiko_cha_Mti
Muulize anauza vitu vingapi.

#52 safari_za_Jumanne
Anauza mishikaki, ndizi, mayai ya kuchemsha, vocha za simu na chaja. Nimechukua mishikaki minne na ndizi mbili. Pilipili yake kali, siwezi kuandika vizuri, konda anaita.